Nani Alilipia Ukumbi?

Hotuba kwa wazazi na vijana wazungumzao Kiswahili, Moss Side, Manchester

Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Wazazi wenzangu, nawasalimu. Na ninyi wanangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Viti vipo, na maneno ya leo nimewaletea ninyi.

Kijana aliyenipigia simu kunialika alisema nizungumzie watu mashuhuri wa Manchester. Nikamwuliza, wewe unawajua akina nani? Akanitajia wachezaji wa mpira, mmoja baada ya mwingine, na namba za jezi zao, kisha akaja kwa wanamuziki. Wote wanastahili kutajwa. Lakini nilipokata simu nilibaki nimekaa kitandani na swali ambalo limenisumbua miaka mingi katika jiji hili. Mtu mashuhuri ana picha yake, ana sanamu, ana kibao ukutani. Siku ile alipofanya jambo lililompa jina, nani alilipa? Nani alitoa nauli, nani alipika, nani alikwenda jela, nani alilala na njaa, nani alilipia ukumbi? Jioni hii nitawaeleza watu wa Manchester kwa swali hilo.

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa miaka 26, nusu yake zamu za usiku. Nilikuwa nashuka basi Oxford Road, nakata kona kuingia Nelson Street, napita mbele ya nyumba mbili za matofali zilizoshikana, zimezungukwa na majengo ya hospitali kama watoto wawili waliopotelea katikati ya watu wazima. Nilipita pale miaka na miaka bila kugeuza shingo. Usiku mmoja bibi mmoja niliyekuwa namfunga kidonda akaniuliza, "Binti, ile nyumba namba 62 unaijua?" Nikasema siijui. Akanishika mkono na hakuuachia. Akasema mama yake alimfundisha tangu utotoni kuisalimu kila akipita.

Katika sebule ya nyumba hiyo, tarehe 10 Oktoba 1903, Emmeline Pankhurst, mzaliwa wa hapa hapa Moss Side, aliwaita wanawake wachache wakaanzisha chama cha kudai kura. Alikuwa mjane. Mumewe, mwanasheria, alikufa mwaka 1898 akaacha madeni, na ili watoto wapate kula, mama huyu akachukua kazi ya msajili wa vizazi na vifo. Hebu iwazeni kazi hiyo. Ameketi mezani, mlango unafunguliwa, anaingia binti wa miaka 13 amebeba kichanga, amekuja kukiandikisha. Wino haujakauka, anaingia mwingine. Dhuluma hakuisoma kitabuni. Ililetwa mezani kwake kuandikishwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Sanamu yake mnaijua, ipo St Peter's Square tangu Desemba 2018: mwanamke wa shaba amesimama juu ya kiti, mkono ameunyoosha, anahutubia. Kile kiti kinanigusa kuliko sanamu yenyewe. Ni kiti cha kawaida kabisa, cha kukalia mezani. Hakuna aliyemjengea jukwaa, akavuta kiti akapanda.

Lakini nilisema tutauliza nani alilipa. Basi pembeni ya Emmeline mwekeni Annie Kenney. Huyu alizaliwa kijiji cha karibu na Oldham, akaingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, nusu siku kiwandani na nusu siku shuleni. Mashine ilimng'oa kidole kimoja. Tarehe 13 Oktoba 1905, yeye na Christabel, binti mkubwa wa Emmeline, waliingia mkutano wa chama cha Liberal ndani ya Free Trade Hall wakauliza swali moja tu: mkishika serikali, mtawapa wanawake kura? Hawakujibiwa. Wakauliza tena. Wakakokotwa nje. Mahakamani waliambiwa walipe faini waende zao, wakakataa, wakapelekwa jela ya Strangeways, Christabel siku saba na Annie siku tatu. Christabel alikuwa mwanafunzi wa sheria, mtoto wa nyumba inayojulikana. Annie alikuwa na mikono yake, kasoro kidole kimoja. Jela ni ile ile, lakini mfanyakazi wa kiwanda akitoka jela anarudi kwenye nini? Ninapomfikiria Annie ndipo ninapoelewa kwamba siku tatu zinaweza kuwa nyingi kuliko saba.

Kura yenyewe ilikuja kwa awamu. Mwaka 1918 walipewa wanawake wa kuanzia miaka 30 wenye mali kidogo, na mwaka 1928 wote kuanzia miaka 21, sawa na wanaume. Emmeline alifariki tarehe 14 Juni 1928, wiki chache kabla sheria ile haijakamilika.

Sasa niwarudishe nyuma zaidi, maana jiji hili msingi wake ni pamba, na mimi pamba ni jambo la kwetu nyumbani. Baba yangu alikuwa mfumaji Urafiki, pale Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Baba alikuwa anaongea kwa sauti ya juu hata akiomba chumvi. Ukimwambia kitu hakuyatazama macho yako, alitazama midomo. Tulipokuwa watoto tulidhani ni ukali. Kumbe mitambo ya kufuma ilikuwa imeshayala masikio yake, na ndani ya kiwanda ndivyo walivyoongea, kwa midomo. Nilipofika huku, bibi mwingine wodini alinionyesha jinsi mama yake na wenzake walivyokuwa wakizungumza katika viwanda vya Lancashire: midomo inafunguka kwa upana, kila silabi inatamkwa pole pole, na sauti haitoki. Nilisimama na trei mkononi nikalia. Nilimwona baba yangu katika uso wa mzungu wa miaka 80.

Kwa hiyo nikisikia Manchester iliitwa mji wa pamba, siwafikirii wenye viwanda kwanza. Nafikiria masikio.

Na wafanyakazi hao, wanangu, walifanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya mahali hapa. Mwaka 1861 Marekani iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe, Kusini iliyoshikilia utumwa na Kaskazini ya Abraham Lincoln. Meli za Kaskazini zikazifunga bandari za Kusini. Pamba ya viwanda vya Lancashire ilitoka huko, imevunwa na watumwa. Ikakatika. Viwanda vikasimama kimoja baada ya kingine. Kufikia mwishoni mwa 1862 mamia ya maelfu ya watu mkoani humu walikuwa wanaishi kwa misaada, wameuza vitanda, wameuza nguo. Iliyokuwa ikipatikana ni pamba ya Surat kutoka India, fupi nyuzi zake, inakatika katika kila mzunguko, na wasokotaji waliichukia kwa moyo wote.

Wapo waliosema njia ya kurudisha chakula ni Uingereza kuiunga mkono Kusini na kuifungua bahari. Walikuwepo hata huku, tena wengi, na sitaki kuwaficha. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi walijaa Free Trade Hall, wakamwandikia Lincoln barua kumwambia wako upande wake dhidi ya utumwa. Lincoln akajibu tarehe 19 Januari 1863, akiwaandikia wafanyakazi wa Manchester. Alisema anajua mateso wanayoyapata, na akakiita walichokifanya ushujaa wa Kikristo ambao haujapitwa katika zama yoyote wala nchi yoyote. Ndiyo maana katikati ya jiji hili la Kiingereza kuna sanamu ya Lincoln na uwanja wenye jina lake. Maneno ya barua yamechongwa chini yake. Siku mtakayokwenda, yasomeni, kisha muulize: majina ya wale watu ya wapi? Hayapo. Ni watu mashuhuri wasio na majina.

Tena hawakufika pale kwa bahati. Kulikuwa na mtu aliyewatayarisha. Mwaka 1859 alikuja hapa Sarah Parker Remond, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa huru katika mji wa bandari wa Salem, jimbo la Massachusetts. Alizunguka Uingereza akihutubia. Akasimama mbele ya watu wa Manchester akawaambia kwamba anapopita mitaani mwao akakutana na mizigo kwa mizigo ya pamba, anayafikiria mashamba ilikotoka, na anakumbuka kwamba katika fedha zote hizo hakuna hata senti moja iliyofika mikononi mwa waliolima. Aliwaambia hivyo usoni kwao, katika mji uliokuwa ukila kwa pamba hiyo.

Salem. Wazee wa pwani mliopo hapa, jina hilo linawaambia nini? Meli za Salem ndizo zilizokuwa zikitia nanga Unguja tangu kabla ya katikati ya karne ile, zinachukua pembe na sandarusi, zinashusha vitambaa vyeupe vya pamba. Ndipo tukapata neno merikani. Bibi yangu aliposema "nipatie kipande cha merikani" alikuwa anaitaja nchi bila kujua, na pamba iliyofumiwa vitambaa vile ilivunwa na watu wetu waliovushwa bahari nyingine. Vita vile vile vilivyowalaza njaa wafumaji wa Manchester vilikatisha merikani Unguja, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Kiingereza na za Kihindi. Nayasema haya kwa sababu mara nyingi vijana wetu wananiambia, "Mama, historia ya hapa si yetu." Mwanangu, ilikuwa imevaliwa na bibi yako.

Nimefika kwa mtu aliyenifanya nikubali mwaliko huu.

Mwaka 1974 nilikuwa msichana wa miaka 12 Dar es Salaam. Mwezi Juni mwaka ule Chuo Kikuu cha Mlimani kilipokea Kongamano la Sita la Pan-Afrika, mkutano wa watu weusi wa Afrika na ng'ambo, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyelifungua. Redio haikusema kitu kingine. Nikamwuliza mwalimu wetu: kama hili ni la sita, yale matano yalifanyika wapi? Akataja Paris, London, New York, kisha akasema la tano lilifanyika Manchester. Niliandika jina hilo kwenye daftari na nikaliandika vibaya. Sikujua kwamba nitakuja kuzeekea humo.

Lilifanyika kuanzia tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945 katika ukumbi wa manispaa wa zamani wa Chorlton-on-Medlock, pale All Saints, dakika chache kutoka kituo cha basi nilichokuwa nashukia. Leo jengo ni sehemu ya chuo kikuu. Mbele lina nguzo nene za mawe na kibao chekundu cha duara. Ndani ya ukumbi ule siku zile zilitundikwa bendera za Ethiopia, Liberia na Haiti, maana watu weusi walikuwa na nchi huru tatu tu za kujivunia. Walikuja wajumbe takriban 90. Kwame Nkrumah na George Padmore wa Trinidad ndio waliokuwa makatibu. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi na mpigania haki, alivuka bahari kutoka Marekani akiwa na miaka 77. Jomo Kenyatta, aliyekuwa ameishi Uingereza miaka mingi, alisimama kuisemea Afrika Mashariki. Na safari hii hawakuomba kuboreshewa utawala kama makongamano ya nyuma. Walidai uhuru, wakatamka wazi kwamba ikiwa wakoloni wataendelea kutawala kwa mabavu, Waafrika nao, kama njia ya mwisho, wanaweza kulazimika kutumia nguvu. Magazeti mengi ya Uingereza hayakuona habari hapo. Miaka 12 baadaye Ghana ilikuwa huru chini ya Nkrumah, na mwaka 1963 Kenya chini ya Kenyatta.

Haya, tuulize. Nchi imetoka vitani mwezi Agosti tu. Chakula ni cha kadi. Vyumba vya kulala wageni weusi ni vya kutafuta kwa tochi, maana kulikuwa na milango iliyofungwa ukionekana rangi yako. Wajumbe wengi hawana kitu mfukoni. Nani aliwalisha? Nani aliwalaza? Kwa nini Manchester, wakati Padmore na wenzake walikuwa London?

Jibu ni mtu mmoja aliyekuwa na migahawa.

Alizaliwa Guyana, ikiitwa wakati huo British Guiana, kwa jina la George Griffith. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 alilibadili jina akajiita Ras Makonnen, na kwa jina hilo akaishi hadi kufa. Wakati wa vita alikuwa hapa Manchester, anasoma chuo kikuu, na akafungua mgahawa Oxford Road, kisha mwingine, kisha mwingine. Mmoja aliuita Cosmopolitan. Walikula humo wanafunzi, mabaharia, na askari weusi wa Marekani waliokuwa na fedha za kutumia na sehemu chache za kuzitumia bila kutukanwa. Makonnen alikuwa mfanyabiashara hodari, na faida aliipeleka kwenye harakati. Ukumbi ulipohitajika, fedha zilikuwepo. Wajumbe walipofika, chakula kilikuwepo. Yeye, pamoja na daktari mmoja mzee kutoka Guyana pia, Peter Milliard, aliyekuwa na zahanati hapa, ndio walioufanya mji huu uwe mahali ambapo mkutano ungewezekana.

Mimi ni mtoto wa mama aliyeuza maandazi, naijua kazi hiyo. Naliona jiko lile. Saa kumi na moja alfajiri mtu anamenya viazi kwa ajili ya watu ambao mchana watatajwa katika historia, na akimaliza anahesabu kadi za mgao kuona kama zitafika Jumapili. Sufuria haiandikwi katika maazimio. Lakini mkutano wa wiki nzima hauendi kwa maneno peke yake, mtu wa njaa hapigi kura ya maana saa tisa alasiri.

Na humo ukumbini nao kulikuwa na deni jingine. Kikao cha kwanza kiliongozwa na Dakta Milliard na Amy Ashwood Garvey wa Jamaica, mwanamke aliyekuwa katika mapambano haya tangu ujana wake. Siku zote zile, wanawake waliosimama kuzungumza ni wawili, yeye na Alma La Badie, naye wa Jamaica. Amy aliwaambia wanaume wale kwamba mengi yanasemwa kuhusu mtu mweusi, lakini mwanamke mweusi ametupwa kando. Aliyasema ndani ya ukumbi wa watu waliokuwa wanadai haki, na ninamheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Kibao cha nje kinataja mkutano. Nataka watoto wetu wa kike walitaje jina lake.

Makonnen aliishia wapi? Aliacha migahawa, akaacha duka la vitabu na jarida alilolichapisha hapa, akamfuata Nkrumah Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, akafanya kazi ya kuwapokea wapigania uhuru kutoka pande zote za bara. Kazi ile ile, kuwapa watu mahali pa kulala na kula. Mwaka 1966 jeshi lilipompindua Nkrumah, Makonnen alitiwa ndani. Aliyesaidia kumtoa ni Kenyatta, rafiki wa siku za Manchester, sasa Rais. Akahamia Kenya, akawa raia, akafanya kazi serikalini katika utalii, na akafariki Nairobi mwaka 1983. Mtu aliyelipia ukumbi wa Manchester amelala katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Wangapi kati yetu, hasa ninyi wa kutoka Nairobi, mliwahi kuambiwa jina lake shuleni? Naona vichwa vinatikiswa. Mimi pia sikuambiwa.

Kuna mtu mwingine aliyekaa katika kongamano lile ambaye hakusafiri kufika, alitoka nyumbani tu. Len Johnson alizaliwa Clayton, mashariki ya jiji hili, mwaka 1902. Baba yake baharia kutoka Sierra Leone, mama yake mzungu wa hapa. Alikuwa bondia, na wenye kujua ngumi wanasema alipigana kwa akili kuliko wote wa uzito wake nchini. Alishinda mapambano zaidi ya 90. Aliwapiga watu waliokuwa mabingwa wa Uingereza, na bado hakuruhusiwa kugombea ubingwa wenyewe, kwa sababu kanuni ilitaka baba na mama wa bondia wote wawe weupe. Kanuni hiyo iliondolewa baada ya Vita vya Pili, na mwaka 1948 Randolph Turpin akambwaga... samahani, ni kaka yake mkubwa, Dick Turpin, ndiye aliyekuwa wa kwanza mweusi kuuchukua ubingwa huo. Johnson alikuwa ameshatundika glavu tangu 1933.

Mtu akinyang'anywa hivyo ana haki ya kujifungia ndani na uchungu wake. Johnson aliendesha lori na basi, akajiunga na chama cha Kikomunisti, akaanzisha na wenzake jumuiya hapa Moss Side iliyowasaidia wafanyakazi weusi kupata kazi na vyumba. Mwaka 1949 Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani, alikuja Manchester akawaimbia. Mwaka 1953 baa ya Old Abbey Taphouse, karibu na hapa, ilikataa kumuuzia bia kwa rangi yake. Alikwenda kwa meya, akakusanya watu, wakasimama nje ya baa ile wakipinga, hadi mlango ukafunguliwa. Aliingia akanywa na mwenye baa. Baa ipo mpaka leo, na mimi nisiyekunywa nilishaingia pale kusimama tu na kuangalia ile kaunta. Ni ubao wa kawaida, umepakwa rangi nyeusi. Kampeni ya kumjengea Johnson sanamu ipo, na naomba tuiunge mkono tukiwa wengi.

Wengine nitawapitia haraka, siyo kwa kuwadharau, ni saa ndiyo inakimbia. Wenye watoto wanaopenda sayansi, waambieni kwamba kiini cha atomu kiligunduliwa katika maabara ya chuo kikuu hapa mwaka 1911 na Ernest Rutherford, mgeni kutoka New Zealand. Kwamba tarehe 21 Juni 1948 kompyuta ya kwanza duniani kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe iliwashwa hapa, kazi ya Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill. Kwamba mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wote wazaliwa wa Urusi, walipata grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, kwa kubandika na kubandua selotepu juu ya madini yale yale ya ndani ya penseli, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Na Arthur Lewis wa Saint Lucia, aliyepewa uprofesa hapa mwaka 1948 akiwa na miaka 33, mtu mweusi. Aliandika hapa, mwaka 1954, nadharia yake ya nchi maskini na wingi wa nguvukazi iliyompatia Nobel ya uchumi mwaka 1979, na katika miaka hiyo hiyo akahangaika kuanzisha mahali pa watu weusi wa Moss Side na Hulme kusomea jioni baada ya kazi. Mwenye kiti cha juu chuoni, na bado alijua mtaa huu una giza la saa moja usiku.

Namalizia na kijana mnayemjua wote. Marcus Rashford, mchezaji wa mpira, amezaliwa 1997, amekulia Wythenshawe, kusini ya jiji hili. Mama yake alifanya kazi zaidi ya moja na bado kulikuwa na siku chakula hakikutosha. Juni 2020, shule zimefungwa kwa korona, aliwaandikia wabunge barua ya wazi kuomba watoto waliokuwa wanapata chakula cha bure shuleni waendelee kukipata likizoni. Serikali ilikataa, kisha tarehe 16 Juni ikakubali. Watoto wapatao milioni 1.3.

Mwaka uliofuata alikosa penalti katika fainali ya Ulaya, na usiku ule picha yake iliyochorwa ukutani Withington ikachafuliwa. Nilikwenda na mjukuu wangu siku mbili baadaye. Nimeona mengi katika kazi yangu, lakini ukuta ule sijauona mfano. Watu walikuwa wameyafunika maandishi yale machafu kwa karatasi, moyo baada ya moyo, barua za watoto zilizobandikwa kwa gundi na kulowa mvua, herufi zinachuruzika. Mtoto mmoja aliandika kumshukuru kwa chakula cha mchana. Mjukuu wangu alitaka kuandika naye, hatukuwa na karatasi. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa nyuma yetu akachana ukurasa kwenye daftari lake akatupa, pamoja na kalamu. Mjukuu akaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayoniandikia mimi. Neno moja: Asante. Likakaa pale kati ya mengine.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tukutane Nelson Street namba 62. Tutatembea kufuata Oxford Road hadi All Saints tukaone kibao cha kongamano, halafu St Peter's Square kwa mama Pankhurst na kiti chake, halafu Peter Street ilipo Free Trade Hall, ambayo sasa ni hoteli, na pale chini ndipo mwaka 1819 wapanda farasi walipowaingilia kwa mapanga wafanyakazi waliokuja kudai kura. Tutamalizia kwa Lincoln. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya wazee. Njooni na miavuli na viatu vya kutembelea. Chai ya chupa nitabeba mimi, na kina mama waliopika sambusa za kulipia ukumbi huu wa leo wamesema watapika tena. Wako jikoni sasa hivi. Naomba waitwe waje hapa mbele kabla hatujafungua maswali.